Saa ya Njiwa

17, Mtaa wa Cobden,
Foleshill, Coventry.
Jumapili, 2 Novemba 1980

Kaka yangu mpendwa Horace,

Pokea kwanza salamu zangu, na baada ya salamu nakuuliza kifua chako kinaendeleaje. Barua yako ya Agosti ilisema daktari wa huko Adelaide amekukataza sigara, nawe umemtii kwa siku nne. Kwako wewe siku nne ni nyingi, nakupongeza. Sisi hapa kimwili hatujambo. Goti la Doreen wangu linamsumbua mvua ikikaribia, yaani kila siku. Njiwa wamebaki kumi na mmoja, na wawili kati yao ni wa kula tu. Mengine ndiyo haya ninayokuandikia, na nakuomba uketi kwanza, usisome umesimama mlangoni kama ulivyozoea.

Uliniomba jambo moja: kiwanda kikifungwa nikueleze siku ya mwisho ilivyokuwa, yote, bila kukuficha kitu. Uliandika kwa utani kwamba unataka kujua kama kuna mtu atakayekumbuka jina lako. Nimekaa na ombi hilo siku tisa. Sasa kaa vizuri.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, tarehe 24 Oktoba. Tulibaki watu mia moja na kumi na wawili ndani ya majengo ambayo siku zako yaliingiza watu elfu sita kila asubuhi, mpaka baiskeli zikafunga barabara. Upande wa karakana ya rangi paa limetoboka, na mvua ilikuwa ikidondoka kwenye ndoo ambazo hakuna aliyejali kuzimwaga. Gari la mwisho lilikuwa jeupe. Wilf Tranter, yuleyule kiongozi wa chama cha wafanyakazi kwenye karakana ya bodi, ambaye nywele zimemwisha ila ulimi bado, alisema wameliacha jeupe kwa sababu sanda nayo ni nyeupe.

Haya unayajua, lakini niache niyaseme, maana hapa hakuna tena wa kuyasikiliza. Baba aliingia Merrivale mwaka 1909 akiwa na miaka kumi na sita, mzee Josiah Merrivale alipokuwa bado anatengeneza baiskeli mbele na magari uani. Ni Baba aliyekunja madigadi za gari la tatu, na tangu siku ile kila Merrivale iliyopita barabarani aliigeukia akaitazama mpaka ipotee. Baada ya vita ndipo mambo yakawa mambo. Magari yalipakiwa melini kwenda Marekani, na hapa nyumbani mtu alingoja mwaka na nusu kupata lake. Mwaka tuliposhinda yale mashindano ya magari ya milimani, kantini walitupikia nyama ya kuoka, chakula cha Jumapili, siku ya Jumanne, na meya akaja na mkufu wake shingoni. Mimi nilikuwa na brashi yangu ya manyoya ya kindi, nikichora ule mstari mwembamba ubavuni, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, kwa pumzi moja na bila rula. Wewe ulikuwa na nyundo. Ukisema mjini kwamba unafanya kazi Merrivale, mwenye baa alifuta meza kabla hujaketi.

Halafu mwaka 1966 familia ikauza. Wakubwa wapya waliletwa kutoka London, watu wasiojua boneti inafunguliwa upande gani, wakabandika jina la mzee Josiah kwenye magari ambayo hayajawahi kuona nyundo. Mwaka 1973 walininyang'anya brashi wakanipa utepe wa gundi. Nilibandika utepe miaka saba, Horace. Gari likioshwa mara tatu mstari unaning'inia kama uzi wa soksi. Milango ilivuja, sakafu zilioza, na watu mjini wakaanza kututania kwamba ukinunua Merrivale unapewa na ndoo ya kukinga maji. Nasi hatukuwa malaika. Tuligoma kwa ajili ya mishahara, tukagoma kwa ajili ya chai, na kuna mgomo mmoja wa siku mbili ambao mpaka leo sijampata mtu wa kunieleza sababu yake. Wajapani walikuwa wakitutazama tu.

Basi, saa nane mchana gari lile jeupe lilitakiwa kutoka. Injini ilikataa kuwaka. Nakuapia. Walijaribu mara nne mbele ya mpiga picha wa gazeti, mwishowe watu sita wakalisukuma. Hakuna aliyecheka, na Wilf alivua kofia.

Ndipo ikaja zamu ya nyundo. Desturi ile unaijua kuliko mimi. Mtu akimaliza utumishi wake hutembea kutoka mwisho wa karakana hadi mlangoni, na kila fundi hupiga nyundo juu ya chuma kilicho mbele yake, mpaka anayeondoka atoke nje masikio yakimlia. Safari hii tulikuwa tunaondoka wote, kwa hiyo wote tungepigiana. Lakini kabla hazijapigwa Wilf alipanda juu ya kreti akasema ana neno.

Alisema hivi, nami nakunukulia kama nilivyosikia: "Jamani, kuna mtu mmoja alitoka humu bila kupigiwa. Mnamjua. Alituuza, sawa, alituuza. Lakini leo tumeuzwa wote, tena kwa bei ya chuma chakavu. Sasa kinyongo cha miaka ishirini nakipeleka wapi, nikakipande bustanini? Mimi nimemsamehe Horace Satchwell. Nasema tumpigie." Kisha mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Tumpigie, lakini mwambieni asirudi na saa!" Hapo wakacheka, na katika kucheka wakakubali.

Wilf akashuka, akaenda kabatini kwake akarudi na nyundo yako. Ile ya kichwa cha mviringo, yenye mpini uliouchonga mwenyewe. Ulipoondoka uliiacha juu ya benchi, naye aliihifadhi miaka yote hiyo bila kumwambia mtu. Aliitia mkononi mwangu akaniambia, "Clifford, wewe ndiye damu yake. Anza wewe."

Nilianza, kaka. Nilipiga wa kwanza, na nilipiga kwa nguvu kuliko wote, na wenzangu waliona machozi yangu wakadhani ni ya furaha. Mmoja alinikumbatia.

Ningeweza kuishia hapo. Ungefurahi, ungewasomea majirani zako, na ungekufa siku yako ikifika ukijua kwamba watu wa Merrivale walikusamehe. Lakini walikusamehe kosa ambalo hukulifanya. Horace, hukumuuza mtu. Aliyewauza ni mimi.

Rudi nyuma mpaka Aprili 1957, tulipoanza kutengeneza gari la Heron na zile madigadi zake ndefu. Bwana Gutteridge wa ofisi ya kupima muda alikuwa akisimama nyuma ya mafundi na saa mkononi, ili wakubwa wapange bei ya kila moja, yaani malipo ya fundi. Karakana nzima ilikubaliana kwamba mbele yake hakuna kumaliza madigadi chini ya dakika sabini. Nawe ulitii, ingawa nyumbani ulilalamika kwamba kufanya kazi polepole kunakuwasha mwili. Ndiyo maana Alhamisi moja, wenzako walipokwenda kula, ulibaki peke yako ukakunja moja kwa mwendo wako mwenyewe, kujinyoosha tu.

Hukuniona. Nilikuwa nyuma ya safu ya milango iliyokuwa ikingoja rangi, nakula mkate na jibini. Miguuni nilikuwa na saa ya njiwa, lile sanduku la mbao ambalo njiwa wa mashindano akirudi unalibonyeza, nalo linapiga muhuri wa saa na dakika kwenye ukanda wa karatasi. Nilikuwa naipeleka klabu ya njiwa jioni ikakaguliwe. Nilibonyeza ulipopiga pigo la kwanza. Nikabonyeza tena ulipoweka nyundo chini na kupitisha kiganja juu ya bati. Dakika thelathini na nane. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile, wala kabla wala baadaye, na nilijisikia kama ni mimi niliyeifanya.

Jioni hiyo klabuni nilimkuta Gutteridge, maana naye alifuga njiwa. Tulikuwa wawili tu kwenye kaunta. Jumamosi iliyotangulia njiwa wake alikuwa amempita wangu kwa robo saa, akaanza kunitania: "Nyie akina Satchwell kila kitu chenu kinajikokota. Njiwa anajikokota, nyundo inajikokota." Ningecheka, yangeisha. Badala yake nilitoa ule ukanda nikauweka mbele yake nikamwambia, "Anajikokota bibi yako. Huyo ni kaka yangu, madigadi ya Heron, dakika thelathini na nane. Saa haina undugu na mtu." Aliusoma taratibu, akanirudishia, akaninunulia bia. Nami nikainywa.

Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa najivunia wewe. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, lakini mdomo wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Jumatatu bei ya madigadi ilikatwa karibu nusu, na kwenye tangazo iliandikwa wazi: dakika thelathini na nane. Wilf alimuuliza Gutteridge ni nani kasema, akajibiwa kwamba ofisi yake haitaji watu. Mwenye mkono wa dakika thelathini na nane alikuwa mmoja tu, na kila mtu alijua kwamba mwezi ule ule uliomba unyapara. Hawakuhitaji shahidi. Ulikana mara moja, mbele ya wote, kisha ukanyamaza, na wao wakaacha kabisa kukusemesha.

Siku ya kwanza sikusema kwa sababu niliogopa. Siku ya pili nilijiambia nitasema kesho. Mwezi ulipopita, kusema kungenilazimu nieleze na mwezi wenyewe, na baadaye mwaka. Nilikutazama ukinyanyua bati peke yako, kazi ya watu wawili, kwa kuwa hakuna aliyekubali kushika upande wa pili. Nilikiona kikombe chako kimewekwa mbali na vikombe vya wenzako, karibu na ufagio. Nilipita mbele yako kama napita nguzo, mimi mdogo wako uliyenifundisha kupanda baiskeli. Siku ile ya Agosti 1959 ulipobeba sanduku lako la vifaa kutoka mwisho wa karakana hadi mlangoni, baada ya miaka ishirini na mitatu, watu wote waliweka nyundo chini, na tulisikia viatu vyako. Mimi nilikuwa kwenye ngazi ya karakana ya rangi. Brashi ilikuwa mkononi, na sikushuka.

Halafu Baba. Hili ndilo linalonila zaidi. Ulivumilia watu wa kiwandani, lakini nyumbani, chakula cha mchana cha Jumapili, Baba akimwambia Mama, "Mwambie huyo mwanao asogeze chumvi," na wewe mkono wako uko hapo hapo kando ya chumvi. Mama aligeuka mkalimani mezani kwake mwenyewe. Doreen peke yake alikuwa akikwambia kwa sauti kubwa, makusudi, "Shemeji, ongeza viazi," huku akimkazia macho mzee. Mimi nilikata nyama yangu vipande vidogo vidogo. Baba alipostaafu na kupigiwa nyundo, nawe ulimpigia, na alipofika mbele ya benchi lako aligeuza uso akatazama ukuta.

Mwaka 1963, siku mbili kabla hajafa, aliniita kitandani. Alikuwa mwepesi kama tundu tupu la njiwa. Aliniuliza kama kweli wewe ulifanya jambo lile. Alisema amekuwa akifikiri, na kwamba mkono kama wako haungeweza kuuza. Alisema, "Clifford, kama unajua kitu niambie, nimwandikie." Kalamu na karatasi vilikuwa juu ya meza; Mama alikuwa ameviweka. Nilimwambia sijui, Baba. Akatikisa kichwa, akafumba macho, na karatasi ile ilibaki vile vile. Hukuandikiwa kwa sababu yangu.

Gutteridge naye alikufa miaka kumi iliyopita bila kunitaja. Sijui ilikuwa heshima au dharau. Nilihudhuria mazishi yake, na nilirudi nyumbani nimepumua, Mungu anisamehe, nikidhani sasa hakuna anayejua. Kikulacho ki nguoni mwako, kaka, na kilichokuwa kikikula ni mimi.

Baada ya nyundo za Ijumaa ile sikuweza tena. Jumapili asubuhi nilimweleza Doreen jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu, kama nilijua tayari siku ile alipokuwa akikwambia uongeze viazi. Nikasema ndiyo. Alifunga bomba la maji, akaenda juu.

Kutoka hapo nilimfuata Wilf kwenye kishamba chake cha mboga nyuma ya njia ya reli. Nilimkuta anang'oa mboga za liki. Nilimweleza, nikampa ule ukanda wa karatasi, maana sikuwahi kuutupa. Umekaa ndani ya saa miaka ishirini na mitatu. Wino umepauka lakini unasomeka. Aliushika kwa vidole vyenye udongo, akausoma, akanirudishia. Alichukua kofia yake akaondoka na kuziacha liki pale pale chini. Wilf, ambaye hajawahi kukosa neno hata kwenye mazishi ya mama yake.

Jumatano nilikwenda klabu. Walikuwa kumi na wawili ukumbini, wakizungumza. Nilipoingia nilisikia mlango ukijifunga nyuma yangu. Nilisema jioni njema, na nilijijibu mwenyewe kwa kukohoa. Mhudumu aliniwekea bia bila kunitazama, na niliinywa nimesimama, kisha nikarudi nyumbani. Silalamiki. Sheria ni ile ile, ila safari hii wamempata mwenyewe.

Alhamisi Wilf alikuja hapa nyumbani. Tulisimama mlangoni, mimi na Doreen bega kwa bega, naye akazungumza na Doreen peke yake. "Doreen, mwambie huyo bwana natafuta anwani ya Horace. Watu wa karakana wanataka kumwandikia. Mwambie pia nyundo ile si yake." Doreen alinigeukia akaniambia, neno kwa neno, ilhali nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikaleta anwani na nyundo. Wilf aliipokea nyundo kwa mikono miwili.

Kwa hiyo utapata barua nyingine, yenye majina thelathini na moja, na nyundo yako itakuja huko Australia kwa meli. Barua yao huenda ikatangulia hii yangu. Niliharakisha ili uyasikie kutoka kwangu kwanza, halafu nikacheka, kwa kuwa miaka ishirini na mitatu nzima sikuwa na haraka. Ule ukanda nimeuweka ndani ya bahasha. Ni wako. Ni dakika zako.

Sikuombi unisamehe. Nimeona wiki hii jinsi msamaha unavyouma ukitolewa kwa mtu asiyestahili, na wewe ulipewa bila kosa. Sijui ungeniuma vipi mimi mwenye kosa. Ninachotaka ujue ni kwamba siku ile ya Alhamisi nilikuona ukifanya kazi, na kwamba Baba alikaribia kukuandikia. Ukiamua kutonijibu nitaelewa. Jana mezani, meza ile ile ya Mama, nilimwomba Doreen chumvi. Aliinyanyua, akaiweka upande wa pili, mahali ulipokuwa ukikaa wewe, akaendelea kula.

Wasalimie majirani zako, hasa yule mama wa Kiitaliano anayekuletea supu. Linda kifua chako na uache hiyo sigara. Doreen anakusalimu sana. Hakuniambia nikufikishie salamu hizo. Aliziandika kwenye kipande cha karatasi akakiacha juu ya saa, ili nikikaa kuandika nikione.

Ni mimi, mdogo wako,
Clifford